Barabara Nne, Halmashauri Tano: Nani Anaipanga Dar es Salaam?

Mkazi wa Mbagala Rangi Tatu akiulizwa anaishi jiji gani, atajibu Dar es Salaam bila kusita. Kisheria amekosea. Tangu Februari 24, 2021, halmashauri ya jiji ya zamani ilipovunjwa, Jiji la Dar es Salaam ni eneo lililokuwa Manispaa ya Ilala, basi. Mbagala iko Manispaa ya Temeke, Kawe iko Kinondoni, Kimara iko Ubungo na Kibada iko Kigamboni. Zote zimo ndani ya Mkoa wa Dar es Salaam, lakini mkoa si jiji, na Meya wa Jiji ni mmoja tu kati ya mameya watano. Hana kauli juu ya mtaro wa Tegeta wala soko la Tandika.

Sensa ya 2022 inaonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Mkoa mzima ulihesabiwa watu 5,383,728. Ilala, yaani jiji, ilikuwa na 1,649,912; Temeke 1,346,674; Ubungo 1,086,912; Kinondoni 982,328; Kigamboni 317,902. Kwa hesabu hiyo, takriban watu saba kati ya kumi wa Dar es Salaam hawaishi ndani ya Jiji la Dar es Salaam. Haishangazi kwamba malalamiko hupelekwa ofisi isiyohusika, na kwamba kila mvua kubwa inaponyesha watu huuliza: mwenye mji huu ni nani?

Mjadala uliofuata uamuzi huo wa 2021 umejikita kwenye jina na hadhi: Ilala imepata, Kinondoni na Temeke zimekosa. Huko ndiko kupoteza njia. Kilichotokea 2021 kina uzito pale tu kinapotazamwa pamoja na sura ya ardhi, mahali uchumi ulipokaa, na nani hasa anajenga miundombinu.

Mji uliokua kwa kufuata barabara

Dar es Salaam haikukua kama duara. Ilianzia bandarini, ikanyooka kwa kufuata barabara kuu nne: ya Bagamoyo kuelekea kaskazini, ya Morogoro kuelekea magharibi, ya Nyerere (wazee bado wanaiita ya Pugu) kuelekea kusini magharibi, na ya Kilwa kuelekea kusini. Pembeni mwa kila barabara watu walijenga, kisha wakaingia ndani ya mabonde na vilima vilivyobaki katikati.

Ukiiweka ramani ya utawala juu ya ramani hiyo, utaona jambo ambalo halisemwi sana. Kinondoni imekalia barabara ya Bagamoyo, kutoka Magomeni na Mwananyamala hadi Bunju na Mto Mpiji, mpakani na Wilaya ya Bagamoyo. Ubungo, iliyomegwa kutoka Kinondoni, imekalia barabara ya Morogoro: Kimara, Mbezi, Kibamba. Ilala imeifuata ya Nyerere kupitia uwanja wa ndege, Gongo la Mboto, Pugu na kuendelea hadi Chanika. Temeke imekalia ya Kilwa: Kurasini, Mtoni, Mbagala, Chamazi. Kigamboni, iliyomegwa kutoka Temeke, iko ng'ambo ya maji. Ni wilaya kubwa kuliko zote kwa eneo na ndogo kuliko zote kwa idadi ya watu. Ni mkono wenye vidole lakini hauna kiganja: kila halmashauri imeshika kidole chake, na pale vinapopaswa kukutana hakuna mwenyewe.

Matokeo yake yanaonekana kwa yeyote anayetaka kutoka Chamazi kwenda Kivule bila kupitia mjini. Barabara za kuunganisha vidole zimejengwa polepole na kwa vipande, kwa sababu kwa kila halmashauri ziko pembezoni. Barabara ya Mandela, inayounganisha Ubungo na bandari kupitia Tazara, imebeba mzigo wa mji mzima kwa miongo kadhaa pamoja na malori ya Zambia na Kongo, kwa kuwa barabara nyingine za kusaidiana nayo hazikujengwa mapema. Daraja la juu la Mfugale pale Tazara, lililozinduliwa 2018, na lile la Kijazi pale Ubungo, lililozinduliwa siku ileile jiji la zamani lilipovunjwa, yamepunguza foleni katika makutano mawili makubwa. Yote mawili yamejengwa na serikali kuu. Hakuna halmashauri iliyokuwa na uwezo huo wala amri hiyo.

Mito ndiyo mipaka, na hapo ndipo tatizo

Mto ni mstari wa bure kwa mchora ramani. Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe mkoani Pwani, unapita mabondeni, unapokea matawi yake kutoka upande wa Ubungo na Sinza, unashuka Kigogo na Jangwani, kisha unaingia baharini karibu na Daraja la Selander. Katika sehemu kubwa ya safari yake ya mjini, mto huo ndio mpaka: ng'ambo hii Ilala, ng'ambo ile Ubungo na Kinondoni. Wanaotupa taka na kuchota mchanga juu wako chini ya halmashauri moja. Wanaofurikiwa chini wako chini ya nyingine. Chemchemi yenyewe iko mkoa mwingine kabisa.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40. Serikali ikawahamishia waathirika wa mabondeni Mabwepande, mwisho wa Kinondoni, mbali na kazi zao za mjini. Uamuzi huo ulikuwa na hoja ya usalama, lakini ulionyesha jinsi tatizo la bonde linavyoweza kubebeshwa kata moja ya pembezoni. Baadaye karakana ya mabasi ya mwendokasi ikajengwa palepale Jangwani, kwenye njia ya maji, ikafurika mara kwa mara. Haikuwa siri kwamba pale panajaa maji. Tatizo ni kwamba aliyepanga usafiri, aliyepanga bonde na aliyetoa ardhi hawakuwa meza moja.

Leo Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, unaofadhiliwa hasa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa 2022, unalenga kulitibu bonde lote, pamoja na daraja jipya la Jangwani. Msimamizi wake ni TAMISEMI. Yaani mto unaotenganisha halmashauri tatu za Dar es Salaam unasimamiwa na wizara iliyoko Dodoma, kwa sababu hakuna chombo cha Dar es Salaam kinachoweza kushika kingo zote mbili.

Kusini mambo ni hayohayo kwa sura ndogo. Mto Kizinga, unaoleta maji kwenye mtambo wa zamani wa Mtoni, unatokea upande wa Kisarawe na kupita katikati ya makazi ya Temeke yaliyojengwa bila mpango. Na sehemu kubwa ya maji ya bomba ya mji haitoki Dar es Salaam. Mtambo wa Ruvu Juu, wenye uwezo wa lita milioni 196 kwa siku, uko Mlandizi. Ruvu Chini, wa lita milioni 270, uko Bagamoyo. Mto Ruvu ulipopungua mwishoni mwa 2022, mgao wa maji uliwapata wa Masaki na wa Mbagala, na dawa iliyoharakishwa ilikuwa bwawa la Kidunda, mkoani Morogoro.

Pesa inazaliwa wapi, watu wanalala wapi

Hapa ndipo pana uzito zaidi, na ndipo mjadala wa hadharani ulipo mwepesi zaidi.

Ilala ina Kariakoo, Posta, Samora, makao makuu ya benki nyingi, uwanja wa ndege na stesheni kuu ya reli. Ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo ghafi, hulipwa kwa halmashauri. Ukiwa na makampuni makubwa na maduka ya jumla, unakusanya bila kuhangaika sana. Kinondoni nayo ina misuli yake: Msasani, Masaki, Mikocheni, Mwenge, hoteli za Kunduchi, na saruji ya Twiga inayochimbiwa chokaa palepale Wazo. Ubungo ilirithi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mitambo ya umeme na Kiwanda cha Nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China mwaka 1968. Stendi ya mabasi ya mikoani nayo imehamia Mbezi Luis, na pale ilipokuwa zamani pamejengwa kituo kikubwa cha biashara cha Afrika Mashariki, kwa mtaji wa Wachina tena.

Temeke ni hadithi tofauti, na ni hadithi inayosemwa vibaya. Watu huizungumzia kama wilaya ya walalahoi, wakasahau kwamba mzigo mkubwa wa bandari, hifadhi za mafuta na yadi za makontena ziko Kurasini. Kwamba Chang'ombe na Keko ni maeneo ya viwanda na mafundi seremala. Kwamba stesheni ya TAZARA, reli ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, iko Temeke. Kwamba Sabasaba na Uwanja wa Benjamin Mkapa viko Temeke. Mali ipo. Lakini sehemu kubwa ya mapato ya shughuli hizo ni ya serikali kuu na mashirika yake, si ya halmashauri. Kinachobaki Temeke ni malori, vumbi, barabara zilizokatika na watu zaidi ya milioni moja na robo wanaohitaji shule na zahanati.

Chukua mfano wa kijana wa Mbagala mwenye meza Kariakoo. Kutwa nzima pesa yake inazunguka Ilala, na ushuru wa sokoni unaingia Ilala. Usiku analala Temeke; watoto wake wanasoma Temeke, mkewe anajifungulia Temeke, taka zake zinazolewa Temeke. Akitaka mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani uliotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, anapanga foleni kwenye chungu cha Temeke. Halmashauri inayovuna na halmashauri inayotunza si moja.

Kodi ambayo ingeweza kupunguza pengo hilo ni ya majengo, kwa kuwa hufuata nyumba, na Temeke na Ubungo zina nyumba nyingi. Lakini mwaka 2016 ukusanyaji wake ulihamishiwa TRA, na tangu Agosti 2021 kodi hiyo hukatwa kwenye umeme wa LUKU: Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida wakati huo, kisha Sh 1,500 tangu 2023. Ukusanyaji umekuwa rahisi, hilo lisibishwe. Ila kiwango ni kilekile kwa banda la Buza na jumba la Mbezi Beach lisilo la ghorofa lenye mita moja, na halmashauri hurudishiwa sehemu tu. Chanzo kikuu cha fedha za miji mingi duniani kimetolewa mikononi mwa miji yetu.

Tumefikaje hapa

Dar es Salaam ilipewa hadhi ya manispaa 1949 na ya jiji 1961. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, sera ya madaraka mikoani ilifuta halmashauri, jiji likiwamo. Ilala, Kinondoni na Temeke zikabaki kama wilaya za kiutawala. Halmashauri za miji zilirudi 1978, huduma zikiwa taabani. Mwaka 1996 Serikali ikaivunja tena halmashauri ya jiji na kuweka Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, inayokumbukwa hadi leo kwa kuondoa vibanda na kukusanya mapato. Mwaka 2000 ukaja mfumo wa ngazi mbili: manispaa tatu, na juu yake Halmashauri ya Jiji ya kushughulikia yanayovuka mipaka. Manispaa za Ubungo na Kigamboni ziliongezwa baadaye, zikaanza kazi 2016.

Kwa hiyo uamuzi wa 2021 haukuwa wa kwanza wa aina yake. Jiji limefutwa mara tatu ndani ya nusu karne, na mara mbili za mwanzo likarudishwa.

Msimamo wa kwanza: iachwe ilivyo

Wanaotetea hali ya sasa wana hoja nzito. Halmashauri ya jiji iliyovunjwa haikuwa na eneo lake. Madiwani wake walitoka kwenye manispaa zilezile, wakakaa vikao viwili na kulipwa posho mbili. Kumwondoa mtu wa kati kulipunguza gharama. Halmashauri tano pia ziko karibu na watu kuliko jiji moja la watu milioni tano: mwenyekiti wa mtaa wa Charambe anajua mlango wa mkurugenzi wa Temeke, asingeujua wa jiji. Na ushindani umesaidia. Kinondoni iliamua kujenga mtambo wake wa mboji Mabwepande kwa ushirikiano na Hamburg bila kusubiri manispaa nyingine.

Udhaifu uko kwenye yale yasiyo na mwenyewe. Dampo la Pugu Kinyamwezi lilisimamiwa na jiji la zamani kwa ajili ya wote, nalo liko ndani ya Ilala. Ilala ilipewa jina. Dampo likaja nalo. Gari la taka la Bunju linasafiri zaidi ya kilomita 40 kuvuka mji mzima kufika huko. Kabla ya Pugu, taka zilikuwa Mtoni, kabla ya hapo Vingunguti, na kabla ya hapo Tabata, ambako wananchi walikwenda mahakamani na kushinda. Kila eneo lina haki ya kukataa taka za jirani, na hakuna aliye na mamlaka ya kuchagua mahali panapofuata.

Msimamo wa pili: jiji la mwavuli lirudi

Wengine wanataka mfumo wa 2000 urejeshwe. Hoja yao ni kwamba chombo kibovu hurekebishwa, hakitupwi. London ilipitia hayo: baraza lake kuu lilifutwa 1986, mji ukaishi miaka 14 bila mwavuli, kisha 2000 ukarudishiwa chombo kipya chenye meya anayechaguliwa na wananchi moja kwa moja, kikiwa na usafiri kama kazi yake kuu.

Lakini London haikurudisha kilichofutwa, na hilo watetezi hulisahau. Jiji letu la zamani lilishindwa kwa sababu za kimuundo. Halikuwa na kodi yake ya uhakika. Lilitegemea stendi, maegesho, dampo na michango ya manispaa. Meya wake alichaguliwa na madiwani, na mwaka 2016, upinzani ulipopata wingi, uchaguzi huo uliahirishwa mara kadhaa kabla Isaya Mwita wa CHADEMA hajashika kiti. Chombo ambacho kila upande unakigombea, lakini hakina fedha ya kutekeleza ahadi hata moja, kitarudia yaleyale hata kikipewa jina jipya.

Msimamo wa tatu: mamlaka moja kubwa

Hawa wanasema mpaka wa mkoa wenyewe umepitwa. Nyumba za Vikindu (Mkuranga), Mapinga (Bagamoyo) na Kibaha ni za watu wanaoshuka Kariakoo asubuhi. Viwanda vimehamia Pwani kwa sababu ardhi ni nafuu, bandari kavu ya Kwala imezinduliwa 2025, na treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria 2024 imeufanya ukanda huo kuwa karibu zaidi. Kwa nini kusiwe na mamlaka moja kutoka Bagamoyo hadi Mkuranga?

Mfano unaovutia hapa ni Chongqing, mji wa bara la China ulioko kwenye makutano ya mito Yangtze na Jialing, mbali kabisa na bahari. Mwaka 1997 ulitengwa na jimbo la Sichuan na kupewa hadhi sawa na jimbo, ukiwa na eneo la kilomita za mraba zipatazo 82,000. Sensa ya 2020 iliukuta na watu milioni 32. Wengi husikia takwimu hiyo wakadhani ni mji mmoja mkubwa. La hasha, sehemu kubwa ni vijiji, mashamba na milima. Faida ilikuwa kwamba barabara, reli na viwanda vingeweza kupangwa kabla ya makazi kufika, na kwamba uhamishaji wa watu waliopisha bwawa la Three Gorges ulikuwa na msimamizi mmoja. Lakini Chongqing ina hazina yake, inamiliki ardhi kwa niaba ya dola, na viongozi wake hawapigiwi kura na mwananchi. Ukichukua ukubwa wake bila hivyo vitatu, unabaki na ramani kubwa tu.

Kampala iko karibu zaidi nasi. Sheria ya 2010 ilianzisha mamlaka ya jiji, KCCA, mji ukasimamiwa na mkurugenzi mtendaji anayeteuliwa na Rais, huku meya mkuu akichaguliwa na wananchi. Mapato yaliongezeka na barabara nyingi zikatengenezwa. Lakini ugomvi kati ya Jennifer Musisi, mteule, na Erias Lukwago, mchaguliwa, uliitikisa mamlaka kwa miaka. Na wakati wakigombana, mji ulihamia nje ya mipaka ya KCCA: sensa ya 2024 iliikuta Wilaya ya Wakiso ikiwa na zaidi ya watu milioni 3, Kampala yenyewe haikufika milioni 2. Nairobi nayo ilijaribu njia ya mkato 2020, kazi muhimu za kaunti zikahamishiwa taasisi iliyoongozwa na jenerali wa jeshi. 2022 zikarudi zilikotoka.

Msimamo wa nne: kila sekta na wakala wake

Huu hautetewi sana kwa maneno, ila ndio unaotawala kwa vitendo. Maji ni DAWASA. Barabara kuu ni TANROADS, za mitaa ni TARURA tangu 2017. Mwendokasi ni DART, daladala hupewa njia na LATRA, umeme ni TANESCO. Ukiondoa hayo yote, halmashauri inabakiwa na shule, zahanati, masoko, taka na vibali. Ndiyo maana ubishi wa nani awe Meya wa Jiji una joto kubwa kuliko uzito wake: vitu anavyolalamikia mwananchi, nusu yake hakuna meya anayevigusa.

Nguvu ya wakala ni utaalamu na uwezo wa kukopa. DAWASA haijali mpaka wa Ilala na Temeke, inalaza bomba. Udhaifu ni kwamba kila mmoja anapanga peke yake. Lami inawekwa, wa maji anafika na kuichimbua. Njia ya mwendokasi ya Barabara ya Kilwa hadi Mbagala, zaidi ya kilomita 20, ilikamilika ikakaa muda mrefu bila mabasi, wakazi wakiitazama zege tupu kutoka dirishani mwa daladala zilizobanana pembeni. Diwani wa Mbagala hakuwa na wa kumwajibisha, maana wakala huwajibika juu, kwa wizara, si chini kwa kata.

Mizani

Ukipima kwa uwajibikaji peke yake, halmashauri tano zinashinda. Ukipima kwa uwezo wa kujenga, wakala wanashinda, na serikali kuu haitaziachia TANROADS na DAWASA kwa sababu ya meya yeyote. Kwa upangaji wa mbele, mamlaka moja kubwa ndiyo bora kwenye karatasi, lakini Kampala inaonyesha kwamba inaweza kuzaliwa na mipaka iliyokwisha kupitwa na viongozi wawili wanaovutana. Jiji la mwavuli la zamani halishindi kwenye kipimo chochote, na kulirudisha kama lilivyokuwa ni kutafuta posho tu.

Kwa maoni yangu, linalofaa ni dogo kuliko madai ya wengi: baraza la pamoja la halmashauri tano, lenye kazi zinazohesabika. Nazo ni taka na madampo, mabonde ya mito na mitaro mikuu, barabara za kuunganisha vidole, na ulinzi wa Mpango Kabambe wa mji unaoishia 2036. Yasiyovuka mpaka yabaki manispaa. Wakala walazimike kuleta mipango yao mezani pale kabla ya kuanza kuchimba. Bagamoyo, Kibaha, Kisarawe na Mkuranga ziwe na viti, hasa kwa mambo ya mito na taka, bila kuhamisha mpaka wa mkoa hata kwa mita moja. Vita ya kuhamisha mipaka ingekula miaka kumi.

Gharama ya njia hii isifichwe. Baraza bila fedha ni kijiwe. Lingehitaji sehemu ya kodi ya majengo irudishwe kutoka hazina kuu, na kiwango kipimwe kwa thamani ya jengo badala ya mita ya umeme, jambo ambalo wenye maghorofa ya Masaki hawatalipokea kwa furaha. Lingehitaji pia fungu la kusawazisha, ambapo sehemu ya ushuru unaovunwa Kariakoo na Posta inafuata watu wanakolala, Mbagala, Kimara na Chanika. TAMISEMI italazimika kuachia miradi kama Msimbazi, yenye fedha za wafadhili na magari yake. Kuna hatari pia kwamba wajumbe watokao kwenye mabaraza ya madiwani wataleta tabia ileile ya jiji la zamani, na sioni kinga ya uhakika isipokuwa kuwanyima posho ya kikao cha pili na kutangaza mahesabu kila mwaka, halmashauri kwa halmashauri.

Upinzani mkali kuliko wote utatoka Ilala. Ndiyo yenye jina, ndiyo yenye mapato, na katika baraza la watano ingechangia kuliko inavyopokea. Madiwani wake watauliza kwa nini pesa ya Kariakoo ijenge mtaro wa Temeke. Jibu liko kwenye hesabu ya wanaoshuka daladala Kariakoo kila alfajiri, na hesabu hiyo bado haijawekwa mezani na halmashauri yoyote kati ya hizo tano.